Kituo Chenye Uzito wa Hasi Mbili

Inatangazwa kwa wananchi wote, wakulima na wafugaji, wajuao na wasiojua, kwamba kuanzia mwezi huu wa Januari 1979 ujuzi hautatolewa tena kiholela. Ujuzi utakokotolewa.

Tangazo hilo lilisomwa gulioni Nyakahura na Ndugu Modestus mwenyewe, amesimama juu ya bampa ya Landrova ili asichanganyikane na mbuzi waliokuwa wakiuzwa. Watu walipiga makofi. Walikuwa wamesikia matangazo mengi tangu wahamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa, na walikuwa wamegundua kwamba ukipiga makofi mapema mtangazaji hudhani amefika mwisho. Modestus aliyapokea makofi yale kama haki yake, akashuka, akajikung'uta vumbi.

Alistahili. Ndiye aliyekuwa Afisa Ukokotoaji wa Mafunzo ya Ufundi na Stadi za Msingi, cheo kirefu kiasi kwamba hakikuenea kwenye mlango wa ofisi yake. Nusu yake iliandikwa kwenye mlango wa jirani, ambao ulikuwa wa stoo ya majembe, kwa hiyo mwananchi aliyetafuta Stadi za Msingi alibisha hodi kwenye majembe. Hilo halikumsumbua Modestus. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni: nyeusi ya kuandikia, nyekundu ya kukatia, na ya kijani ambayo wino wake ulikwisha zamani lakini aliivaa kwa heshima. Na alikuwa na kanuni.

Kanuni yenyewe ilikuwa rahisi, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeona busara yake. Zamani serikali ilikigawia kituo cha mafunzo fungu lake kwa kuhesabu vichwa. Idara ikang'amua kwamba huo ni ubadhirifu, maana viko vichwa ambavyo tayari vina kitu ndani. Kwa nini umnunulie misumari mtu anayejua kuipigilia? Fungu lifuate ujinga uliko. Hivyo kila mwanafunzi akapewa uzito. Mwepesi wa kuelewa, moja. Mgumu, tatu. Mgumu wa kipekee, tano, ingawa huyu alikuwa hajapatikana mkoa mzima na wakubwa walikuwa wakimngoja kwa hamu. Aliyehitimu, sifuri, kwa sababu serikali haina habari naye tena. Mtoro, toa moja. Jumla ikifika tano, kituo kinapata vifaa vyake vya mwaka. Ikipungua tano, kituo kinafungwa, na zana zake zinapelekwa stoo ya wilaya zikahifadhiwe kwa ajili ya kuendeleza mafunzo.

Kilikuwapo pia kipengele cha mwisho, ambacho Modestus alikisoma mara moja tu, tena kwa sauti ya chini. Wilaya yenye vituo pungufu ya vinne haina haki ya kuwa na Afisa Ukokotoaji, wala Landrova. Wilaya ilikuwa na vituo vinne, na cha nne ndicho hiki cha Nyakahura.

Kilikuwa banda la mabati lenye benchi moja la useremala, misumeno sita na randa nne. Wanakijiji walikuwa wamelijenga wenyewe kwa sababu moja tu. Walipohamishwa walipangwa mstari ulionyooka kama rula, nyumba themanini, na katika pilikapilika zile hakuna aliyekumbuka milango. Mpaka Januari ile nyumba kumi na tisa zilikuwa na mlango. Sitini na moja zilizibwa kwa majamvi, na fisi wa Nyakahura walikuwa hawajaelimishwa kwamba jamvi ni mlango. Mwezi uliotangulia walikuwa wameingia kwa Restuta, mwanafunzi wa kituo, wakachukua mbuzi wawili, na mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa amelala hatua mbili kutoka hapo.

Mwanamke aliyekiendesha kituo aliitwa Deodata. Kwenye daftari alikuwa mwanafunzi. Mwalimu aliitwa mgambo mwezi wa Novemba, akaenda mpakani pamoja na wanafunzi kumi na wanne, vijana wote, na Deodata akashika nafasi yake kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo. Hakutaka cheti wala sifa. Alitaka milango sitini na moja.

"Karibu, Ndugu Afisa," alisema, akamfutia kigoda.

Modestus hakukaa. Alifungua daftari la mahudhurio. "Hawa kumi na wanne wako wapi?"

"Vitani."

"Hawajahudhuria tangu Novemba."

"Ndiyo. Wanapigana."

"Sikatai kwamba wanapigana, na kwa niaba ya idara nawapongeza," alisema Modestus. "Lakini fomu ina safu ya Yupo, safu ya Mtoro na safu ya Amefariki. Haina safu ya vita."

"Basi waache wazi, usiwaandike kitu."

"Pakiachwa wazi huhesabiwa mtoro." Akawageukia wanawake waliokuwa kazini bandani kwa upole, kama mtu anayetoa msaada ambao hakulazimika kuutoa. "Ila kama yuko aliyefariki, niambieni. Huyo tutamfuta kabisa. Itawasaidia."

Kati ya wale kumi na wanne alikuwamo Audax, mdogo wake Deodata, na barua yake ya mwisho ilikuwa imefika kabla ya Krismasi. Deodata alichukua randa akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

Modestus akakokotoa. Wanafunzi waliobaki walikuwa kumi na wawili, wanawake watupu, na kila mmoja alijua kuunganisha fremu ikakaa pembe kwa pembe. Wepesi wote. Kumi na wawili, toa watoro kumi na wanne.

"Kituo chenu kina uzito wa hasi mbili," akasema.

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza Marsiana. Huyu alikuwa amepita miaka sitini. Aliingia kituoni kutafuta kusoma na kuandika, akaikuta misumeno, akachukua vyote.

"Maana yake, mama, kituo hakipo."

Marsiana akatazama juu kwenye mabati, kisha akatazama kuta. "Mbona tumo ndani?"

"Mmo ndani ya jengo. Kituo ni kitu kingine. Tena si kwamba hakipo tu, kiko chini ya kutokuwepo. Kihesabu, serikali inawadai wanafunzi wawili."

"Tuwatoe wapi?"

"Hilo ni suala la uongozi wa kijiji."

Alisema hivyo kwa utulivu, lakini moyoni alikuwa ameanza kutokwa jasho. Kituo cha nne kikifa, yeye amemwaga unga. Mkewe Generoza alikuwa amekwishawaeleza ndugu zake wote wa Bugarama habari za ile Landrova, na Generoza hakuwa mtu wa kurudi kwa watu kusahihisha taarifa. Modestus akavuta kile kigoda, akakaa, akashusha sauti.

"Iko njia halali. Mkaguzi wa mkoa anakuja mwezi wa tatu. Akiwakuta mnajua, mmekwisha. Akiwakuta hamjui, kila mmoja ana uzito wa tatu, na mtaletewa misumari mpaka mshangae."

"Tujifanye hatujui?" aliuliza Deodata.

"Kujifanya ni udanganyifu, na mimi ni mtumishi wa umma. Ninyi msahau tu. Kwa muda."

Wiki ile ile aliwaletea Ratiba ya Kusahau, nakala tatu, imepigwa muhuri. Jumatatu, kupinda misumari. Jumatano, kukata mbao zikawa fupi. Ijumaa, kushangaa. Wanawake waliifuata kwa kadiri walivyoweza, huku wakicheka, na Niragira, aliyekuja na wazazi wake kutoka Burundi na kuzoea kutii karatasi zenye muhuri, akawa hodari wa kushangaa kupita wote. Ni Marsiana peke yake aliyekataa.

"Miaka sitini nimekaa sijui hata jina langu likoje likiandikwa," alimwambia Modestus. "Sasa najua, na viungo nilivyopiga mwenyewe ukivitikisa havitikisiki. Nimeteseka kujua, mwana wanje, mwanangu. Nikianza kufanya kama sijui, mateso yangu utayalipa wewe?"

Modestus akaandika pembeni ya jina lake: "Ana msimamo usio wa kimaendeleo."

Mwishoni mwa Februari Audax alirudi. Lori la jeshi lilimshusha barabarani na begi lake, hana kiganja cha mkono wa kulia. Dada yake alimshika akamtazama uso mzima, akamwingiza ndani, akampikia ndizi, na siku mbili hakumwuliza kitu. Siku ya tatu Audax alikwenda bandani, akaukandamiza ubao kwa kiwiko, akaanza kukata kwa mkono wa kushoto. Modestus alipopata habari alikuja mbio. Alikuwa hajawahi kuonekana na furaha kiasi kile.

"Kijana ameacha utoro, tena amerudi na ugumu," alisema, akiushika mkono wa kushoto wa Audax na kuutikisa. "Hapo tumetoka hasi moja tukaenda tatu. Alama nne kwa mtu mmoja. Hongera sana."

Audax aliuvuta mkono wake. "Afisa, na huu wa pili ungekuwa umekwenda, zingekuwa ngapi?"

Modestus alilichukua kama swali la kitaalamu. "Kwa sasa kanuni haijafika huko," alijibu. "Lakini nitalipeleka kama pendekezo."

Deodata alikuwa na nyundo mkononi wakati huo. Aliiweka chini polepole, mbali kidogo, akatoka nje kupunga upepo.

Siku ya ukaguzi ilipofika, mambo yalikuwa yamebadilika kwa jambo moja. Hospitali ya misheni ilikuwa imejaa majeruhi, ikaagiza kituoni magongo ishirini na manne ya kutembelea, na lori la kuyachukua lilikuwa linapita siku hiyo hiyo. Modestus alifika saa tatu asubuhi kwa ajili ya zoezi la mwisho, maana mkaguzi alitegemewa mchana. Aliwakuta wote wanafanya kazi safi, maranda yanaruka, viungo vinaingia kwa pigo moja.

"Jamani, leo ni Ijumaa," alisema kwa huzuni. "Leo ni kushangaa."

"Tukimaliza tutashangaa, Ndugu Afisa," alisema Deodata bila kuinua kichwa. "Yamebaki tisa."

Modestus akasimama katikati ya banda, mikono nyuma. Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mtu aliyekaa ofisini mpaka akasahau alikozaliwa. Katika vijiji vile mtu akikuta wenzake wameinama kazini hasimami akawatazama. Akikuta wanalima, anapokea jembe, analima hatua kadhaa, ndipo anaulizwa habari za huko atokako. Hata padri akipita wakati wa palizi hupalilia mistari miwili na kanzu yake. Marsiana alimvumilia Modestus kwa dakika tano, kisha akamwekea randa mkononi.

"Anayekuta watu kazini hasimami. Vua koti, uturandie ubao huu mmoja, halafu utuambie ya ofisini."

Mbele ya watu kumi na watatu, na anayesema ni mtu wa umri wa mama yake, afisa angekataaje? Alivua koti. Alikuwa amekokotoa useremala kwa miaka sita na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuushika. Randa ilikwenda kinyume cha nyuzi za mbao, ikang'ang'ania, ikang'oa kipande kikubwa cha kutosha kutengenezea mwiko. Alipewa msumeno, akakata ubao pamoja na ukingo wa benchi. Alipewa nyundo, na kidole gumba chake kikajua. Deodata alimwonyesha, akamwonyesha tena, mara ya tano akamwonyesha kwa sauti ile ile ya upole aliyowafundishia wote. Baada ya nusu saa Modestus alikuwa mweupe kwa vumbi la mbao na hakuna ambaye angemtambua, pengine hata Generoza.

Mkaguzi akaingia. Aliitwa Pancras, mtu mfupi mwenye kofia ya kaki. Kwa uhaba wa petroli alikuwa ameomba lifti kwenye gari la jeshi, na gari la jeshi halisubiri mchana. Yeye na Modestus walikuwa wameandikiana barua thelathini na saba na hawakuwa wamewahi kuonana.

Pancras alizunguka banda zima kimya, akitikisa magongo, akiegemea moja moja. Akafungua fomu. Wepesi kumi na watatu, pamoja na yule wa mkono mmoja, maana kazi yake haikuwa na kasoro. Watoro kumi na watatu.

"Sifuri," alisema, na alisikitika kweli. "Ndugu zangu, kazi yenu ni nzuri mno. Kituo kinafungwa. Zana zitapakiwa kwenye lori hilo hilo linalokuja."

Restuta aliketi chini. Deodata aliona milango yote ambayo haikuwapo, mmoja mmoja, mstari mzima. Ndipo Pancras alipomwona mtu aliyekuwa pembeni anajaribu kuinasua nyundo kutoka kwenye msumeno.

"Na huyu? Mbona hayumo daftarini?"

Banda lote likamtazama Modestus. Modestus akajikokotoa, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alikokotoa haraka. Akijitambulisha, jumla ni sifuri, vituo ni vitatu, na jioni anamweleza Generoza. Akinyamaza, labda. Akanyamaza.

"Ni mgeni kwenye kazi, Ndugu Mkaguzi," alisema Deodata. "Ameshika zana leo."

Pancras alimpa misumari minne. Mitatu ilipinda, wa nne uliingia ubavuni mwa benchi. Akamwuliza mbele ya randa ni wapi. Modestus, kwa mazoea, akaeleza kwamba kwa mtazamo wa jumla suala la mbele lazima litazamwe sambamba na suala la nyuma, kwa kuzingatia mazingira halisi na miongozo iliyopo. Alieleza kwa dakika nne. Pancras alivua kofia yake.

"Mgumu wa kipekee," alinong'ona. "Miaka yote hii nimemtafuta. Jina lako nani?"

"Modestus."

"Kama afisa wenu. Na mwenyewe yuko wapi siku ya ukaguzi?"

"Tangu asubuhi hatujamwona akifanya kazi ya ofisi," alisema Marsiana, ambaye hakupenda uongo.

Pancras akaandika tano, kituo kikapona. Akaandika pia kwamba Afisa Ukokotoaji ni mtoro na ametelekeza Landrova ya umma nje ya banda, ufunguo ukiwa ndani. Kwa kanuni, mtoro hutolewa moja, na kwa kuwa afisa alikuwa mmoja tu, wilaya ikabaki na sifuri. Kuhusu mgumu wa kipekee mwongozo ulikuwa wazi: haondolewi, hahamishwi wala hapewi kazi nyingine mpaka ahitimu, kwa sababu ni rasilimali ya mkoa. Modestus alitaka kusema neno. Lakini kusema sasa kungekuwa kuandikisha rasmi kwamba Afisa Ukokotoaji hajui mbele ya randa. Alisimama mlangoni akaitazama Landrova ikiondoka na Pancras, koti lake likiwa kwenye kiti cha nyuma.

Generoza aliwaambia ndugu wa Bugarama kwamba mumewe amepelekwa masomoni. Walimwonea wivu.

Modestus akawa anakuja kila siku saa mbili asubuhi, anakula maharage kwa Marsiana, anarudi kwenye benchi. Aprili redio ilitangaza kwamba Kampala imeanguka, watu wakaimba mpaka sauti zikakauka. Mei ikaja barua kwamba Kazimili, mmoja wa wale kumi na watatu waliobaki vitani, hatarudi. Jina lake likatolewa kwenye safu ya utoro, na uzito wa kituo ukapanda kwa moja. Modestus ndiye aliyeombwa kuijaza fomu, kwa kuwa alijua mahali pa kuandika. Ilimchukua asubuhi nzima. Aliporudi bandani hakumtazama mama yake Kazimili, naye mwanafunzi wa pale, wala hakula siku hiyo.

Ukaguzi wa mwisho wa mwaka wa serikali ulikuwa tarehe thelathini Juni. Milango mipya ilikuwa imefika thelathini na sita. Siku moja kabla, mchana, Modestus aliinua gongo alilokuwa akilishughulikia tangu Jumatatu, akaliweka kwapani, akaliegemea kwa uzito wake wote. Halikulia. Kiungo kilikuwa kimekaa, kishikio kimelainika, urefu sawa. Alikuwa na miaka arobaini na mbili na hakuwahi kutengeneza kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukiegemea. Alifurahi mpaka akaona aibu kidogo.

Deodata alilichukua, akalitikisa, akalichungulia kwa jicho moja mpaka mwisho. "Ni zuri," alisema. "Halina kasoro."

"Kesho nitamwonyesha mkaguzi."

"Kesho utashika randa kinyume, kama siku ile."

Modestus hakuelewa mara moja. Kisha akajumlisha kichwani: wanafunzi kumi na watatu, yeye akiwa mwepesi kama wao, watoro kumi na wawili. Mbili, na zinatakiwa tano. Na milango iliyobaki ishirini na mitano.

"Lakini sasa najua," alisema.

"Na sisi tulijua," alijibu Marsiana, bila kuinua kichwa kwenye ubao wake.

Gongo likaondoka na lori la hospitali jioni ile, limechanganywa na mengine. Kesho yake Bwana Pancras alimkuta Modestus amepinda misumari minne kati ya minne, akaandika tano, akampigapiga begani kwa huruma na kumwambia asikate tamaa. Modestus akasema ahsante.